Ngazi Hazikuwa na Kosa

Machi 4

Kwako mdogo wangu Futi,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, tunapambana tu na maumivu ya kila siku. Mama nyonga bado inamsumbua, lakini mdomo wake hauumwi hata kidogo. Juzi kamwambia shemeji yako kwamba shati lake linaomba talaka kwa jinsi alivyonenepa. Shemeji yako alicheka, ila tangu siku hiyo anakwenda kazini kwa miguu. Wapwa zako wamefaulu wote isipokuwa yule wa pili, ambaye ameapa kwamba mwalimu ndiye hajui kujumlisha. Na wewe afande utakayeisoma barua hii kabla ya mwenyewe, salamu zako zipo. Nakuomba tu usiikunje vibaya.

Sasa habari za kazini. Kituo chetu cha afya kimepata daktari mpya. Miaka yake yote amefukuzana na kipindupindu, na ana tabia moja ya kuuliza kwa nini, mpaka wauguzi tumempa jina la Bwana Kwanini. Wakija watu kumi wanaharisha, wenzake wanaandika dawa, yeye anauliza wamekunywa maji ya wapi. Wiki yake ya pili aliingia chumba changu cha vidonda, akachukua daftari la wagonjwa, akakaa nalo siku tatu. Alipolirudisha alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu. "Sista, nimeliona tatizo. Miezi kumi na minne, watu arobaini na mmoja wameanguka, na karibu wote ni kwenye ngazi zile za nyuma ya soko!"

Akaliandikia baraza la mji. Huwezi kuamini, Futi, wakaitikia! Walikuja mafundi na saruji, wakasawazisha kila kidato, wakaweka na vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Ngazi sasa zinapendeza, mtu anaweza kwenda kupigia picha pale.

Mwezi uliofuata wakaanguka wengine saba.

Hapo Bwana Kwanini akaniita ofisini, akafunga mlango. "Sista, hebu nifundishe. Mtu anaangukaje akachanika mbavuni, mstari ulionyooka, inchi tatu?" Nikamweleza. Ukiandika "kisu" kwenye daftari, mgonjwa anatakiwa apelekwe kwanza polisi kuchukua fomu, ndipo ashonwe. Mimi nilishamwona mtu mzima akikata roho kwenye benchi la polisi huku anasubiri fomu. Tangu siku ile nikawa naandika "ameanguka". Nilijiona nina huruma. Wenzangu wakaniiga, na kwa kuwa ngazi ziko karibu, tukazisingizia ngazi. Ile safu ya mwisho ya "maelezo" tukawa tunaiacha tupu.

Hakugomba. Laiti angegomba. Alisema mauaji nayo yana njia yake, kama kipindupindu. Hayaanzi siku mtu anapokufa. Mtu anajeruhiwa, anaogopa, anaanza kutembea na kitu mfukoni, na anayemwona nacho naye anatafuta chake. Polisi na hakimu wana kazi yao, lakini wao wanafika mwisho wa safari. Sisi ndio tunakutana na mtu mwanzoni, na tunamshona, tunampa vidonge, tunamwambia nenda salama.

Ndugu yangu, miaka mitatu sijakuuliza. Ulikuja kwangu mkono umechanwa na wembe wa Kinyozi, nikakushona nyuzi kumi na moja, ukaenda. Wiki ya tano Kinyozi akafa kwa patasi yako, kwenye ngazi zile zile, na wewe ukapelekwa huko gerezani. Nataka kuzijua hizo wiki tano. Ulikuwa unawaza nini? Kuna kitu kingekuzuia?

Nijibu, tafadhali.

Dada yako


Aprili 2

Dada mkubwa, shikamoo,

Barua imenifikia jana, imekunjwa vizuri. Afande anasema salamu amezipokea, na kwamba mpwa wangu wa pili apewe mwalimu mwingine.

Mimi ni mzima. Siku hizi mimi ndiye mkuu wa karakana. Tunatengeneza madawati ya shule, mia na ishirini, kwa mbao mbichi ambazo ukizipima asubuhi zinakupa jibu moja na mchana jingine. Mwambie shemeji asikate tamaa na shati, avute pumzi tu. Mama mwambie nyonga ipakwe dawa, si ipewe masimulizi. Asiambiwe kwamba ninakohoa, ni vumbi la mbao.

Kuhusu hilo uliloliuliza, dada, liache. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilihukumiwa, natumikia, basi. Na huyo Bwana Kwanini mwambie mimi si kipindupindu. Nilikuwa na akili zangu timamu na mkono ulikuwa wangu. Kila siku hapa ninakula na watu wanaosema ni shetani, ni pombe, ni marafiki. Mimi nilichobaki nacho ni kusema ni mimi. Mkinifanya mgonjwa mtaninyang'anya hata hicho.

Nitumie sabuni na kalamu ya seremala, ile bapa.

Mdogo wako


Aprili 24

Kwako Futi,

Sabuni na kalamu hizo hapo. Mama amekufumia soksi, moja ndefu kuliko nyingine. Anasema wewe uliyezoea kupima utajua la kufanya. Kikohozi sikumwambia. Aliniambia mwenyewe: "Mtoto wangu anakohoa, mwandiko wake umetetemeka." Sasa wewe endelea kuficha.

Kosa lako ni lako, sikunyang'anyi. Mimi natafuta la kwangu. Na sasa nina haraka, soma uone.

Jumanne iliyopita, saa nane mchana, kaingia chumbani kwangu mdogo wake Kinyozi. Yule fundi wa kuchomelea mageti. Tangu mazishi hatujawahi kupeana hata salamu, tukikutana mmoja wetu anavuka barabara. Alikuwa amekandamiza kiuno kwa fulana, damu inapita kwenye vidole. Aliponiona akageuka kutaka kuondoka, lakini akaishia kwenye benchi la mlangoni, akakaa. Zamuni nilikuwa peke yangu.

"Umefanyaje?"

"Nimeanguka."

"Kwenye ngazi?"

"Ndiyo."

Ngazi zenye vyuma vya kushikilia! Nilitaka kucheka.

Na jua kwamba sina tena kisingizio. Bwana Kwanini ameshakubaliana na mkuu wa polisi kwamba mtu ashonwe kwanza, fomu ifuate. Ningeweza kuandika kisu. Ningeweza kumuuliza. Lakini nimwulizeje, Futi? Mimi ndiye dada wa aliyemuua kaka yake. Nilimshona nyuzi tisa bila kumtazama usoni, nikamwambia arudi baada ya siku kumi nizitoe. Halafu nikachukua kalamu nikaandika "ameanguka". Tena! Mkono ulikwenda wenyewe.

Kidonda kile ninakijua kinakoelekea. Nimekifuata nyuma kwenye daftari, na wewe ulikifuata mbele. Nakuomba uniambie maneno. Mtu akiwa pale ulipokuwa wewe, anasikia maneno gani?

Dada yako


Mei 6

Futi,

Sijapata barua yako. Sijui iko mezani kwa afande au iko kichwani mwako.

Fundi wa mageti hakurudi kutolewa nyuzi. Leo siku ya kumi na tano. Jana nilikwenda mpaka kona ya karakana yake, nikaona cheche zinaruka. Nikajiambia kumbe ni mzima, nikarudi nyumbani. Mwongo mkubwa mimi. Niliogopa. Miaka kumi na tisa nashika vidonda vya watu, leo naogopa kumsalimu mtu.

Mama hajambo. Wapwa zako hawajambo.

Dada


Mei 15

Dada, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu, nibusie Mama tu, soksi nimezivaa zote mbili. Barua yako ya Aprili ilikaa hapa kwenye foleni ya kusomwa. Asubuhi hii afande kaniita, kaniwekea mbili kwa pamoja, kasema, "Hii ya dada yako usikae nayo. Andika leo, nitaipeleka posta mwenyewe." Kwa hiyo naandika.

Mwanzo unaujua. Nilimtengenezea kiti cha wateja wake, mguu mmoja ukavunjika mteja amekalia, uso mzima umepakwa povu. Watu wakacheka. Kinyozi akasema mbele yao napima kwa macho ya usingizi. Nikamjibu ya kumtukana marehemu baba yake. Wembe ulikuwa mkononi tayari. Mguu wa kiti, dada. Ni hilo tu.

Usilolijua ni hili. Siku ile niliipita hospitali kubwa mlangoni kabisa, damu inachuruzika, nikaja kwako. Nilitaka iwe wewe. Nilitaka uniulize. Lakini ulikuwa mwepesi mno. Kabla sijafungua mdomo ukaniambia, "Umeanguka, sawa?" Nikasema sawa. Ukashona vizuri kweli, kovu hili wenzangu wanalisifia. Ukanipiga bega, ukasema kabla ya Ijumaa ijayo nitakuwa nimeshasahau.

Sikulala, dada. Nilibadilisha njia ya kwenda kazini mara tatu. Mtu akitia mkono mfukoni kutafuta funguo, mimi naruka pembeni. Patasi nilianza kuibeba ndani ya shati ili tu nifike karakana. Wiki ya tatu nikaanza kuipenda. Hilo sijamwambia mtu, hata mahakamani. Nilikuwa naigusa kama mtu anavyogusa pesa zake kwenye umati. Hapa tulipo kila patasi ina kivuli chake kimechorwa ubaoni, na jioni kivuli kimoja kikibaki kitupu hakuna anayetoka. Kule nyumbani nilitembea na yangu wiki tano na hakuna aliyeona pengo.

Nilipokutana naye kwenye ngazi alikuwa anacheka na mtu. Akatia mkono mfukoni. Sikusubiri kuona anatoa nini.

Unauliza maneno gani. Usimhubirie. Usimwambie asamehe, neno hilo linamfanya mtu ajione mjinga. Mwulize nani kakukata, na unamwogopa nani. Halafu kaa chini, dada, usiendelee na kazi nyingine. Na akikwambia, pawe na mtu wa kwenda upande wa pili kusema yule bwana anaogopa. Mimi kila mtu alijua nina hasira. Hata mimi nilidhani ni hasira.

Huyo fundi usimpe salamu zangu. Sina haki ya kumsalimu.

Mdogo wako


Juni 8

Kwako mdogo wangu,

Mama kapokea busu lake, kauliza kwa nini halikuja na mwenye nalo. Shemeji yako shati limemkubali. Afande, Mungu akuzidishie. Barua ile ilifika kwa siku nne.

Niliisoma nimesimama, nikachukua mkasi na koleo langu dogo, nikaenda kwenye karakana ya mageti nikiwa bado na sare. Fundi akainua ile kinga ya uso, akanikazia macho.

"Umefuata nini?"

"Nyuzi zangu."

"Zako?"

"Uzi wa kituo, kazi yangu. Kaa hapo."

Nadhani alishangaa kuliko kukasirika. Akakaa juu ya rundo la vyuma, akainua fulana. Nyuzi zilikuwa zimezama, pembeni pameanza usaha. Nilipofikisha uzi wa nne nikapiga moyo konde. "Nani kakukata, na unamwogopa nani?" Halafu nikakaa chini, kwenye vumbi, na sare yangu nyeupe.

Jirani alikuwa anakata bati, sauti inatoboa masikio. Kisha akasema ni muuza vyuma chakavu, waligombania geti bovu, kila mtu anasema lake. Akafungua sanduku la vifaa akanionyesha nondo aliyoichonga mwenyewe, imesuguliwa mpaka inang'aa. Kilichobaki kilikuwa mpini. "Jumamosi ningemaliza," akasema, kama mtu anayezungumzia geti la mteja.

"Unamwogopa yeye?"

"Yeye. Na nyinyi. Tangu kaka afe, nikikuona wewe najua sasa zamu ni yangu."

Futi, nilikuwa nikivuka barabara kwa aibu. Yeye alidhani navuka kwa chuki.

Bwana Kwanini alikwenda kwa muuza vyuma siku ile ile. Akamkuta naye halali usiku, mlango ameurundikia mikokoteni. Aliongea na kila mmoja peke yake, mara nne, kisha wote pamoja kwenye benchi letu la chanjo. Nondo iko kabatini kwangu. Leo ni siku ya ishirini. Daktari anazihesabu kama siku za karantini na hajamwandika mzima bado, lakini jana fundi kapita akanitolea salamu ya mdomo mzima.

Sasa la kwangu. Nimelikalia miaka mitatu.

Wiki tatu kabla hujaja wewe na mkono wako, Kinyozi alikuja kwangu. Nyuma ya bega, nyuzi sita. Kuna mtu alimvizia kwa kisu akifunga duka. Nimelifungua daftari, limeandikwa kwa mwandiko wangu: ameanguka. Nikiwa nashona akaniambia, "Sista, siku hizi nalala na wembe." Nikamwambia atulie, ataniharibia mstari.

Nilitaka kukuandikia kwamba nilikuwa nimesahau. Sikusahau. Siku ya kesi hakimu aliuliza kwa sauti inakuwaje mtu mpole kama marehemu amchane mwenzake kwa ajili ya kiti. Hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa benchi la tatu, na nilijua. Nikakaa kimya, maana ningesema moja ningeulizwa na la daftari.

Mama anasema mficha maradhi kilio humuumbua. Yangu yamenipa vilio viwili. Niliwashona wote wawili, Futi, na hakuna niliyemuuliza.

Usiponiandikia tena nitaelewa.

Dada yako


Juni 30

Dada mkubwa, shikamoo,

Kikohozi kimeisha, mwambie Mama atazame mwandiko.

Nilikukasirikia siku tisa. Siku ya kwanza nilikata mbao sita fupi, zote zikaharibika, mimi Futi! Afande akanitoa karakana, akanikalisha nje kwenye ngazi za jiko. Na yeye barua aliisoma. Baada ya muda akaniuliza, "Unamkasirikia kwa kipi hasa?" Nikamwambia kwa kuwa alijua. Akaniuliza mimi nilimuuliza Kinyozi nini, kabla au baada.

Kwa hiyo nimeacha. Nimemuua mtu aliyekuwa anaogopa kama mimi, na nitalibeba mimi. Hilo usijaribu kulipunguza. Lakini mwambie Bwana Kwanini namba yake ya walioanguka imekosewa. Ahesabu na sisi.

Nina ombi. Uliwahi kuniambia kwenu hamfuti neno kwenye daftari. Mnapiga mstari mmoja ili la zamani lisomeke, mnaandika la kweli pembeni, mnatia sahihi. Fungua siku yangu. Piga mstari kwenye "ameanguka", andika wembe. Halafu rudi nyuma wiki tatu ufungue siku ya Kinyozi, uandike kisu. Kama mdogo wake atakubali, awepo akiona.

Na ile safu ya mwisho mliyokuwa mnaiacha tupu, usiiache. Kwake na kwangu, andika: hakuulizwa.

Mdogo wako